Kabla Mate Hayajakauka

Ndege ndogo ya polisi ilikuwa ikipita juu ya kijiji kila Jumanne, ikielekea Embu, na kila ilipopita Kathambi aliacha kuchimba. Wenzake kwenye mtaro wa kuzingira kijiji, waliochimbishwa kwa lazima, walikuwa wameshamzoea. Walimtania kwamba ameposwa na ndege, kwamba siku moja itashuka imchukue yeye na jembe lake, mpaka askari aliyewasimamia akapuliza filimbi kumzindua. Yeye aliisindikiza kwa macho hadi ikawa nukta, na nukta nayo ikamezwa na weupe wa mbali. Hapo alibaki akiota yu macho. Sasa iko juu ya Nkubu. Sasa inavuka Nithi wala haijui kama chini kuna mto. Sasa inainamisha bawa, na chini kuna mabati ya kambi, na katikati ya yale mabati kuna mume wangu.

Mumewe, Riungu, alikuwa amefungiwa kambini Embu tangu mvua za mwaka uliopita, kwa kosa la kuwapelekea chakula watu wa msituni waliopigana na serikali ya wazungu.

Habari za ndege Kathambi alizipata kwa Njuki, mpishi wa maofisa wa polisi pale mjini Meru. Njuki alikuwa mtu wa Embu, mwenye moyo mzuri na mdomo mwepesi, na kila alilolisikia mezani kwa wazungu alilitoa sokoni siku hiyo hiyo. Ndiye aliyewaambia wanawake kwamba angani Meru na Embu ni maili arobaini na kitu, na kwamba ndege huzimaliza kwa dakika ishirini na tano. Rubani anakula yai Meru, alisema, na kabla yai halijatulia tumboni yuko Embu anaulizia chai. Kwa barabara maili ni karibu mara mbili, kwa sababu kila mto unaotoka mlimani umeilazimisha barabara ishuke, izunguke, ipande tena, na lori linaloondoka alfajiri hufika jua limegeuka. Wanawake walisema Njuki anatia chumvi. Kathambi alizihifadhi moyoni zile dakika ishirini na tano, na kila alipochoka alizitoa akazitazama.

Aliyeleta habari mbaya alikuwa Burale, Msomali mwenye lori, mkazi wa mjini Meru, aliyekuwa akipeleka viazi na maharagwe kwenye ile kambi ya Embu. Alimwita Kathambi pembeni siku ya soko, akajifanya anakagua gunia, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba Riungu ameacha kula. Si kwamba amenyimwa. Sahani inaletwa, anaisukuma. Mifupa ya mabega imeshatokeza.

"Nimemuuliza mwenyewe," Burale alisema. "Ameniambia njia ya kwao ilifungwa. Sasa akila, arudi wapi?"

Kathambi alijua ni njia gani hiyo. Siku Riungu alipokamatwa, chifu aliita baraza na kumsimamisha Mzee Njura, baba yake Riungu, mbele ya watu wote. Alimpa mambo mawili achague: amkane mwanawe kwa kinywa chake, au nyumba na ghala viwashwe moto pale pale, wajukuu wakitazama. Mzee Njura aliwatazama wajukuu. Kisha akasema, akiwa ameinamia ardhi: "Njia iliyomtoa kwangu isimrudishe." Kila mtu alijua anaokoa nyumba. Lakini neno la baba kwa mtoto wake aliyemzaa haliulizwi lilisemwa kwa nini, likishatoka limetoka, na Riungu alilisikia kwa masikio yake, mikono ikiwa imefungwa nyuma. Anayeweza kuliondoa ni yule yule aliyelitoa, kwa mate yake mwenyewe juu ya kifua cha mwanawe. Na Mzee Njura sasa alikuwa amelala chali kwenye kibanda chao, kifua kikimkoroma, uji ukimshinda. Akifa nalo, ndiyo imetoka.

&nbsp;

Kathambi hakuwa na desturi ya kusema na mkwe wake ana kwa ana. Tangu aolewe alimheshimu kama mke wa mwana anavyomheshimu baba mkwe, akimpelekea chakula uso umegeuka, na likiwapo neno zito lilipitia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo habari za Burale alimweleza Mzee Mbaabu, aliyetahiriwa pamoja na Njura na aliyeshinda pale kibandani akimfukuzia nzi. Mbaabu akaingia, akasema naye. Kathambi akiwa nje alisikia kikohozi kirefu, halafu kilio cha mtu mzima, ambacho hakuwahi kukisikia katika nyumba ile. Akajikaza asiingie.

Mbaabu alipotoka aliketi juu ya kinu. Mzee huyu alikuwa mtu wa sheria. Hata kuku akikatiza uani, Mbaabu alitaka kujua kwa haki gani. Alisema Njura yuko tayari kuifungua njia hata sasa hivi, ila kifua cha kutemewa ndicho hakipo. Je, kuna shati la Riungu lililobaki? Kathambi akasema lipo, la kaki, lile la kwendea kanisani.

"Basi atalitemea pale kifuani, kama vile mwenyewe yumo ndani," Mbaabu alisema. "Lakini limfikie likiwa bichi. Mate yakikauka ni doa tu."

Kathambi aliuliza, kwa heshima zote alizokuwa nazo, kama mzee hawezi kutema ndani ya kibuyu, kikazibwa vizuri, kikasafiri. Mbaabu nusura ainuke aende zake. Kitu kilichotemwa kikafungiwa chomboni ni kazi ya wachawi, alisema, na mtoto wa watu hataifanya mbele yake. Na akilinyunyizia shati maji njiani? Maji ni maji, hayana baba. Na mtu mwingine akilitemea? Hapo Mbaabu alimtazama kwa huruma, kama anayetazama mgonjwa. Mate ni ya baba, yakiguswa na ya mwingine yameharibika, hilo hata mtoto analijua.

Usiku ule Kathambi alilala akiwa na shati kifuani. Akaota amekaa ndani ya ndege, shati likiwa mapajani, bichi kama lilivyotoka kinywani mwa mzee, na chini mito yote inayoshuka kutoka mlimani imelala kama nyuzi zilizoanguka mkekani. Hakuna aliyemwomba kipande cha utambulisho. Hakuna kilima kilichomwambia subiri. Aliamka na furaha, na ikamchukua muda kukumbuka kwamba hana sababu ya kuwa nayo.

&nbsp;

Jumanne alimwomba msimamizi ruhusa ya kwenda zahanati, na badala yake akaenda kwenye uwanja wa nyasi ambako ndege ilikuwa ikishukia. Njuki alikuwa pale amebeba chupa ya chai ya rubani. Alipomsikiliza alikuna kichwa, akasema atamwomba rubani alibebe shati Jumanne ijayo, likishatemewa; yule kijana si mtu mbaya.

Rubani kweli alikuwa kijana, pua yake imebabuka kwa jua. Njuki alimsemea, na Kathambi aliyasoma maneno usoni mwa yule mzungu, maana sikio lake halikuyajua. Aliona akiuliza kitu kifupi, labda uzito. Akaona Njuki akionyesha kwa viganja udogo wa shati. Rubani akainua mabega, na mkono wake ukanyooka, umefunguka, mbele ya Kathambi. Mkono ule! Kathambi aliuona umeshafika Embu.

Kisha rubani akauliza neno moja zaidi, na Njuki, Mungu amsamehe na mdomo wake, akaeleza yote: mzee, kifua, mate, kukauka. Rubani alicheka mpaka akaegemea bawa. Akamwita mwenzake aje asikie. Ule mkono uliokuwa umenyooka akaufuta kwenye suruali, ilhali haukuwa umegusa kitu. Wakasemezana, kicheko kikaisha, uso wa rubani ukarudi kuwa uso wa kazi.

Njuki aligeuka akiwa hana pa kuyaweka macho. Ndege ni ya serikali, alisema, haibebi mambo ya uganga, na yeye rubani si dobi.

"Anasema pole," akaongeza. "Anasema hata hivyo Embu si mbali."

Kathambi alishukuru. Ndivyo alivyolelewa. Akasimama pembeni mpaka ndege ikanguruma, ikakimbia, ikajitoa ardhini kwa urahisi ule ule wa siku zote, na kwa mara ya kwanza hakuisindikiza kwa macho. Aliona aibu.

&nbsp;

Likabaki lori. Kibali cha kusafiri alikipata kwa chifu, yule yule, baada ya kukalishwa chini kwenye vumbi asubuhi nzima wakati kiti kilikuwapo. Chifu alipoelewa anakwenda kwa mumewe alifurahi. Nenda, alimwambia, umshauri aseme anayoyajua, atarudi nyumbani. Kathambi akaitikia ndiyo bwana chifu. Moyoni alisema maneno mengine.

Siku ya safari, kabla ya pambazuko, Mbaabu alimwinua Njura na kumkalisha. Kathambi alilishika shati kwa mikono yote miwili, limetandazwa, naye uso ameugeuzia ukutani. Alimsikia mzee akipewa funda la maji ya asali, akilizungusha kinywani, akivuta pumzi iliyokuwa chache. Halafu akalitema, mara moja, mara ya pili. Shati likawa zito kidogo.

"Njia niliyoifunga nimeifungua," Njura alisema, neno moja moja. "Riungu, njia ikurudishe."

Kathambi alilikunja likiwa bichi, akalifunga ndani ya majani mabichi ya mgomba, jani juu ya jani, mpaka Mbaabu mwenyewe akakubali kwamba hilo si chombo, ni majani tu. Kwa hesabu ya Kathambi, shati lingeweza kufika likiwa bichi.

Burale alimweka mbele, karibu na dirisha, viazi nyuma. Nauli alikataa kuizungumza. "Lori langu si ndege, mama," alisema, "lakini halimcheki mtu." Wakaondoka ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Kathambi aliupakata ule mzigo wa majani na kuacha safari impeleke. Lori lilishuka hadi mtoni, likapanda likilia, likapumua, likashuka tena. Alisinzia, na katika kusinzia magurudumu yaliacha kugusa ardhi, na mashamba ya migomba yakapita chini yake polepole, kijani kibichi, na moshi wa majiko ya watu ukamfikia miguuni. Alipozinduka walikuwa hawajafika hata Chuka. Ndege, alijisemea, ingekuwa imeshakwenda na kurudi na kwenda tena. Kila alipozinduka alitia kidole kati ya majani. Bichi. Akasinzia kwa amani.

Kwenye daraja la Thuci, mpakani, kulikuwa na kizuizi. Askari waliwashusha wote, wakapekua magunia, wakamwambia mama afungue kifurushi. Kathambi alisema ni shati la mume wake, halifai kukaa juani. Kauli hiyo ndiyo iliyoharibu. Shati lisilotaka jua lina nini? Askari mmoja akalinyakua, akaligeuza ndani nje, akapapasa mishono akitafuta barua, asiione, na kwa kuwa hakuiona akazidi kushuku. Akalitandaza juu ya boneti ya lori, iliyokuwa ya moto kutoka kilimani, na kusema likae hapo mpaka mkubwa wake amalize chakula. Burale alijaribu kusema naye. Akaambiwa na yeye Msomali atapekuliwa upya.

Kathambi alikaa chini kando ya barabara akatazama shati. Kwanza ukingo wa ile alama ya ubichi ulipauka. Kisha ikapungua, ikawa sawa na kiganja, ikawa sawa na jicho. Mkubwa alipokuja akichokonoa meno, aliliinua, akalinusa, akamtupia. Lilikuwa kavu, lina joto, na pale kifuani palikuwa na doa.

&nbsp;

Baada ya Runyenjes Burale alisimamisha lori ili injini ipoe. Alichukua dumu akaenda kutafuta maji, na Kathambi akabaki peke yake na shati. Hakulia. Alimfikiria Mzee Mbaabu na sheria zake, na alikuwa hajawahi kuvunja hata moja. Alimfikiria Njura, pengine ameshakata roho. Alimfikiria Riungu akiisukuma sahani. Akafungua kinywa, nacho kilikuwa kikavu kwa hofu, ikambidi angoje mate yaje.

"Njia iliyofungwa imefunguliwa," akasema. "Riungu, njia ikurudishe." Akatema pale pale penye doa. Yakawa hayatoshi, akatema tena.

Alipoinua macho, Burale alikuwa amesimama na dumu lake. Msomali akageuka akaanza kukagua tairi lisilo na shida yoyote.

Kambini walimruhusu kwa kile kibali cha chifu, seng'enge katikati, askari pembeni. Askari huyo hakuwa mtu wa huku. Aliwaamrisha waseme Kiswahili ili asikie yote. Kwa hiyo mke na mume waliosema Kimeru tangu wazaliwe walianza kusemezana kwa lugha ya soko, kama watu wanaopatana bei. Riungu alikuja akitembea taratibu, shingo nyembamba, na Kathambi akajilazimisha asitazame mabega.

"Baba yako amefungua njia," alimwambia. "Ametemea hili shati. Shika."

Riungu alilipokea kupitia kwenye waya. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kifuani pa shati, vikasimama.

"Ni bichi," akasema.

"Ni bichi."

"Kutoka Meru?" Aliinua macho, na macho hayo yaliijua barabara, kilima kwa kilima. "Umekuja na nini?"

"Na ndege."

Askari aligeuza kichwa. Ndiye aliyelifungulia lango lori la viazi, na Kathambi alijua kwamba anajua alikuja na nini. Akaendelea vivyo hivyo, roho mkononi.

"Ndege ya polisi. Njuki alinisemea kwa rubani. Ni dakika ishirini na tano tu, Riungu. Yai halijatulia tumboni, umefika."

Riungu alimtazama yule askari, kana kwamba jibu liko kwake. Askari alikuna shavu, akasogeza bunduki bega la pili, akatazama upande wa jikoni.

"Kule juu kukoje?" Riungu akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Kathambi alimweleza. Hakuhitaji kubuni, maana alikuwa ameshakwenda mara nyingi. Mito imelala kama nyuzi mkekani, alisema, hata Nithi yenyewe, unaivuka kabla hujaitaja. Hakuna vizuizi. Mitaro ya vijiji haionekani. Mlima unakaa upande mmoja, haukusogelei wala huusogelei. Alisema mpaka Kiswahili kikamwishia.

"Na nyumba yetu uliiona?"

"Niliiona. Ni ndogo. Lakini inaonekana."

Riungu alivua fulana ya kambi na kulivaa shati. Lilimpwaya. Alilibana kifuani kwa kiganja, akasimama hivyo muda mrefu, macho yamefumbwa, na machozi yakapita katikati ya mavumbi ya uso wake. Askari alisema wakati umekwisha, lakini alikaa kidogo kabla ya kuwatenganisha. Kathambi alibaki penye seng'enge mpaka akaona mumewe akienda kwenye foleni ya uji, akipewa bakuli, akilipeleka kinywani kwa mikono miwili. Alilimaliza.

&nbsp;

Lori lilirudi Meru kesho yake mchana. Mzee Njura alikuwa hai. Mbaabu alimweleza Kathambi uani kwamba tangu jana mzee hajagusa kitu, kazi yake kuuliza tu lori, na kwamba watu wa aina hiyo hawafi mpaka wajibiwe. Kisha akauliza lile alilokuwa akilingojea yeye mwenyewe: lilifika likiwa bichi?

"Lilifika bichi, baba."

Mbaabu akapiga makofi. Alikwenda kuwaambia majirani kwamba mambo yakifuatwa kwa utaratibu hayaharibiki.

Kathambi aliingia kibandani. Alisimama pale pa siku zote, uso ukutani, akatafuta mtu wa kumpitishia neno, na hakukuwa na mtu. Pumzi ya mzee ilikuwa ikija na kusahau kuja. Basi akafanya ambalo hakuwahi kulifanya, akageuka, akapiga magoti kando ya kitanda, akamtazama baba mkwe wake machoni. Yalikuwa macho ya Riungu kabisa. Hakulijua hilo miaka yote.

"Baba," alisema, "mate yako yalikauka Thuci. Askari waliyaanika. Yaliyomfikia mwanao ni ya kwangu. Nimeharibu."

Nje Mbaabu alisikika akimweleza mtu kuhusu majani ya mgomba. Kathambi aliinamisha kichwa akangoja neno lolote lile, hata la kumlaani, na alikuwa tayari kulibeba.

"Alikula?" mzee akauliza.

"Alikula, baba. Uji, bakuli zima."

Njura alivuta pumzi, akaikalisha, akaitoa taratibu. Mkono wake ulitoka chini ya blanketi ukatua juu ya kichwa cha Kathambi, mwepesi, haukuwa na uzito wowote.

"Basi," akasema, "Mbaabu usimwambie."